Sabuni Nyeupe ya Mama Recho

Mawese yalipanda bei mara ya tatu tangu mvua zikatike, na Honorata hakuwa na mafuta ya kupikia sabuni. Hilo ndilo lilikuwa tatizo. Mengine yote yalitoka humo.

Alikwenda Mwandiga asubuhi, kwa Gervasi, mtu aliyekuwa akiwauzia mafuta yeye na mumewe tangu Gervasi hajaota mvi. Alimkuta amekalia dumu tupu mbele ya banda lake, madumu mengine yamepangwa nyuma yake, mekundu kama matofali.

"Mwakeye, Mama Recho," Gervasi alisema bila kuinuka. "Leo umekuja mwenyewe."

"Nimekuja. Dumu bei gani?"

"Sabini na tano."

"Wiki iliyopita ulisema sitini na tano."

"Wiki iliyopita lori la Kahama lilikuwa halijafika. Limefika, limebeba, limeondoka. Chikichi zenyewe mashambani zimekwisha. Hata nyumbani kwangu tunakula mchicha kwa chumvi."

Vijana wawili wa kupakia mizigo walicheka, kwa maana tumbo la Gervasi halikuwa la mchicha.

Honorata alikuwa na elfu themanini, amezifunga kwenye ncha ya kitenge. Kazi aliyokuwa nayo ilitaka madumu mawili. Msimu wa chikichi dumu lilikuwa elfu arobaini na tano. Ukiongeza kostiki, yale magadi makali ya sabuni, na kuni, ukipika vizuri, ulibaki na chochote. Kwa sabini na tano hungebaki na kitu. Ungepika, ungetoa jasho, ungeuza, halafu ungegundua umemlipa mteja akusaidie kuchukua sabuni.

"Nipe mawili, nilipe moja. Jingine nitalipa nikiuza."

Gervasi alijikuna shingo. "Mkopo nilikuwa nampa mumeo. Martini akija hapa anachovya pamba kwenye mafuta, anaiwasha, anatega sikio. Pamba ikilia cha-cha-cha ananiambia, Gervasi, umeniuzia kisima. Huyo ndiye mtu wa kumkopesha, anajua anachochukua. Wewe ukija unaangalia rangi, kama unachagua kitenge."

"Martini yupo."

"Yupo, Mungu amtie nguvu. Lakini mtu aliyekaa kwenye kiti halipi deni, mama. Usinielewe vibaya."

Alimwelewa vizuri. Aligeuka kuondoka, Gervasi akamwita. Alikuwa amechukua chupa ya soda, ameijaza machicha mazito yanayobaki chini ya dumu. "Shika. La mboga. Bure."

Vijana walikuwa wanatazama. Honorata aliipokea ile chupa, akasema asante. Njia nzima ya kurudi mjini kilichomuuma si bei. Ni kwamba aliipokea.

Kwao ni Katubuka, nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba viwili na banda la sabuni nyuma. Martini alikuwa amekaa mlangoni kwenye kiti chake cha mbao, fimbo mkono wa kushoto. Kiharusi kilimpiga mwaka uliopita akiwa anafunga dumu kwenye baiskeli. Kilichukua mkono wa kulia, mguu wa kulia na ulimi. Kilichobaki kwenye ulimi ni sauti moja, "eee", ambayo ilikuwa ndiyo, hapana, maji, jua kali, na pengine mambo mengine ambayo Honorata alikuwa ameacha kuyatafuta.

Katika ndoa yao mmoja alikuwa wa dumu na mwingine wa pipa. Martini alinunua mafuta, Honorata alipika. Hakuwahi kujifunza kununua, kama ambavyo Martini hakujifunza kupika. Jioni walikuwa wanabishana: yeye akisema mafuta ni mabaya, mume akisema moto ni mbaya. Sasa hakukuwa na wa kubishana naye. Binti yao Recho alikuwa Mwanza, ameolewa. Alipiga simu sikukuu hadi sikukuu, na kila mara alikuwa na haraka.

Siku hiyo Martini hakuwa peke yake. Kwenye mkeka kando ya kiti alikaa Bibi, mama wa jirani yao Shadia, wa nyumba ya tatu kutoka hapo. Yule mzee alikuwa amepinda mgongo na macho yake yalikuwa na ukungu, lakini karibu kila siku alijikongoja na kuja kukaa na Martini. Marehemu mumewe alifanya kazi bandarini pamoja na Martini ujanani. Watu wengine wote walikuja miezi ya kwanza, wakasema pole, wakaona mgonjwa hafi wala haponi, wakachoka. Bibi hakuchoka. Aliongea naye kana kwamba Martini anajibu.

"Nilikuwa namwambia mwenzangu," Bibi alisema, "siku hizi hata dagaa wamejaa maringo. Sivyo, Martini?"

"Eee."

"Umesikia? Anakubali."

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Umepata mafuta?"

"Nitapata."

"Shadia ameniambia nikukumbushe. Na bakuli lake hilo hapo, amewaletea futari ya magimbi. Kula, mume wako nimeshamlisha."

Bakuli lilikuwa la bati, jeupe, lenye maua ya bluu, limebanduka rangi ukingoni. Lilikuwa limezunguka kati ya nyumba zile mbili miaka mingi hata wakati mwingine walisahau ni la nani. Shadia alituma futari, wali wa Idi, samaki. Honorata aliweka ndani mche wa sabuni, au ndizi, au mapera. Chombo cha jirani hakirudi kitupu. Hakuna aliyewahi kulisema hilo kwa mdomo.

Jioni Shadia mwenyewe alipita akitoka dukani kwake Ujiji, buibui limejaa vumbi la barabara.

"Mama Recho, tuongee kama wafanyabiashara."

"Tuongee."

"Boti la Jumamosi linashuka kusini. Vijiji vya huko wanataka sabuni, katoni nne. Miche kumi na miwili kila katoni. Nitakulipa elfu tatu kwa mche, mkononi, hapo hapo. Lakini ziwe nne. Nusu mzigo siupandishi, nauli ni ile ile."

"Zitakuwa nne."

"Maana kuna kijana analeta sabuni za kiwandani, ananisumbua kila siku. Mimi namwambia nina mtu wangu." Shadia alivua kandambili, akakung'uta mchanga. "Usinitie aibu, dada."

Wateja wengine wa Honorata walikuwa wamekwenda mmoja mmoja, kama watu wa msibani wanavyoaga. Shadia ndiye aliyekuwa amebaki. Kwa hela ya Shadia, Martini alimeza vidonge vya presha. Bila Shadia hakukuwa na vidonge, na daktari alikuwa amesema wazi: akipigwa tena, hataamka.

Alitafuta mafuta siku mbili.

Alikwenda kwa muuza nyama wa Katubuka kuulizia mafuta ya ng'ombe. Muuza nyama akamwambia kuna mtu ameshalipia ya mwezi mzima, anayachanganya na kukaangia maandazi, usimwambie mtu. Alikwenda kwa wauza chipsi wa mjini. Mmoja alikuwa tayari kumpa mafuta yaliyokwisha kutumika, akayamimina kwenye beseni ili ayaone: meusi kama oili ya gari, yana vipande vya mihogo na chumvi ya wiki nzima. Chumvi ikizidi sabuni haishiki, hilo Honorata alilijua bila Martini. Alishuka mpaka Kibirizi kwa akina mama wanaokaanga migebuka. Yale yalinuka samaki hata kabla hujafungua kifuniko.

"Wewe unataka yasiyonuka?" mama mmoja alimuuliza. "Basi nunua mapya."

Wakacheka wote, naye akacheka nao. Angefanya nini?

Siku ya pili jioni alipita nyuma ya baa iliyo njia ya kwenda Mwandiga, na hapo alikuwepo Alphonce, muuza kitimoto, anakata nyama ya nguruwe juu ya gogo. Pembeni kulikuwa na ndoo. Ndani ya ndoo, vipande vya mafuta vyeupe pee, vigumu, safi kama samli iliyoganda.

Honorata alisimama.

"Karibu, mama. Kilo au nusu?"

"Hayo mafuta unayafanyia nini?"

"Mengine nakaangia. Yanayozidi wanakula mbwa." Alimwangalia vizuri. "Wewe si Mama Recho wa sabuni? Elfu kumi ndoo. Kuna tatu. Hiyo sabuni itakuwa ngumu, utampiga nayo mwizi."

"Nimekuuliza tu."

"Na mimi nimekujibu tu."

Alisimama pale muda mrefu kuliko mtu anayeuliza tu. Honorata alikuwa Mkatoliki. Kitimoto kwake ilikuwa nyama kama nyama. Lakini hakuwa mgeni Kigoma. Alijua sabuni ile inakwenda kwa nani. Alijua mwanamke wa Ujiji anaifulia kanzu ya mumewe ya Ijumaa, anamwogeshea mtoto, ananawia kabla ya kutawadha. Alilijua hilo kama anavyolijua jina lake.

Akajiambia: kostiki haibakizi kitu. Inakula mafuta mpaka yasiwe mafuta tena. Kilichoingia chunguni si kinachotoka. Akajiambia: nani atajua? Akajiambia: vidonge vimebaki vya siku nne. La tatu lilikuwa kweli, na kwa ajili ya hilo moja akayaamini yale mawili.

"Unifunikie na majani ya mgomba," alisema.

Alphonce hakucheka. Alifunika ndoo zote tatu vizuri, akazifunga kwa kamba, akamwitia bajaji mwenyewe.

Kesho yake aliwasha moto asubuhi. Aliyakata yale mafuta vipande vidogo, akayatia kwenye pipa lililokatwa nusu, yakaanza kuyeyuka. Harufu ilitanda uani. Haikuwa harufu mbaya. Ndiyo ilikuwa shida yake. Ilikuwa harufu ya nyama ya baa jioni ya mwisho wa mwezi, na mtu yeyote aliyewahi kukaa baa angeitambua.

Kule mlangoni, fimbo ya Martini iligonga sakafu. Ko. Ko. Ko.

Honorata alimpelekea maji. Martini aliyapiga kwa mkono wa kushoto, kikombe kikaviringika mpaka uani.

"Eee," alisema. Alikuwa anaelekeza fimbo kwenye pipa.

"Ni mafuta ya ng'ombe," Honorata alisema.

Martini alimwangalia. Kiharusi kilimvuta uso upande mmoja, lakini macho hakikuyagusa. Alikuwa mtu aliyesikiliza pamba ikiungua na kujua mafuta yana maji kiasi gani. Huyo huwezi kumwambia ni ya ng'ombe. Aligonga tena. Kisha akaelekeza fimbo njiani, upande wa nyumba ya tatu, akaishikilia hivyo hewani.

"Najua," Honorata alisema. "Najua zinakwenda wapi. Sasa nifanye nini? Niambie basi, wewe uliyekuwa unajua kununua. Sema."

"Eee."

"Ndiyo hivyo. Hata wewe huna jibu."

Fimbo haikuacha kugonga. Alipochoka kuisikia, Honorata alimshika Martini kwapani, akamwinua, akakivuta kiti mpaka upande mwingine wa nyumba, akamkalisha akitazama ukuta wa jirani. Fimbo akaichukua, akaenda nayo bandani. Hakuwahi kumfanyia hivyo tangu waoane. Alirudi kwenye pipa, akachuja mafuta, mabaki makavu akamtupia mbwa, akamimina maji ya kostiki taratibu huku akikoroga upande mmoja, kama siku zote. Uani kulikuwa kimya. Aliutaka ukimya ule, akaupata.

Ilikuwa sabuni nzuri kuliko zote alizowahi kupika. Nyeupe, nzito, ukiigonga inalia. Alipoikata kwa waya, upande wake wa ndani uling'aa.

Ijumaa Shadia alikuja na kijana wa toroli. Akashika mche mmoja, akaunusa, akaupima mkononi.

"Mama Recho. Hii umefanyaje?"

"Mawese. Nimeyachemsha mpaka wekundu wote ukatoka."

"Siku zote ulikuwa unatuficha hii?"

"Inakula kuni nyingi."

Shadia alihesabu hela mkononi mwake, elfu mia moja arobaini na nne, halafu akatenga katoni mbili. "Hizi boti, nafasi itakayobaki nitaijaza chumvi. Hizi dukani kwangu. Watu wa Ujiji nao waoge. Na huu mmoja nampelekea mama, ngozi yake siku hizi inakwaruzwa na kila kitu."

"Bibi anayo ile ya zamani."

"Ile nyekundu? Mpe mama yangu nyeupe, uchoyo gani huo?" Shadia alicheka, akaufunga mche kwenye ncha ya mtandio.

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Honorata alipaona, kama mtu anayeona kituo chake na gari linapita. Aliingia ndani kuweka hela.

Alilipa pango. Alinunua vidonge. Siku zilizofuata Martini aliendelea kukalishwa upande ule wa ukuta. Bibi alikuja kama kawaida, akauhamishia mkeka huko, akanyoosha mikono yake iliyojaa mikunjo.

"Nusa, Martini. Mke wako ameniosha nimekuwa mwali. Naoga nayo, natawadha, naswali, hata magoti leo hayalalamiki."

Martini hakusema eee. Aligeuza uso akautazama ukuta, bila mtu kumgeuza.

"Leo amenuna," Bibi alisema.

Wiki ya pili, asubuhi, kilio kilitoka nyumba ya tatu. Bibi aliamka kuswali alfajiri, akarudi kitandani kujipumzisha, hakuamka tena. Alikuwa mzee sana. Hakuna aliyeshangaa, na kila mtu alilia.

Honorata alijifunga kitenge, akajitanda kingine kichwani, akaenda. Wanawake walikuwa uani, wengine wanachambua mchele, wengine wamekaa tu. Mazishi yalikuwa baada ya adhuhuri. Alikaa penye ungo wa mchele, akachambua. Wenzake walimpa nafasi. Wote walijua nyumba hizi mbili ni kama moja.

Mlango wa chumba cha ndani ulikuwa umefungwa kwa pazia. Mwosha, mama mnene wa Ujiji, alitoka mikono ya gauni imekunjwa.

"Shadia, mwanangu, maji tayari. Sabuni iko wapi?"

Shadia alikuwa amekaa sakafuni, macho yamevimba. "Ipo kwenye sahani hapo. Ile nyeupe, ya Mama Recho." Akamtazama Honorata, akajaribu kutabasamu. "Aliipenda. Acha aende nayo."

Wanawake wakaitikia kwa huruma. Mmoja alimgusa Honorata begani, kama mtu anayempongeza.

Sahani ilikuwa juu ya kigoda: pamba, kafuri, chupa ndogo ya manukato, na kipande cha sabuni kilichokatwa upya kwa kisu. Mwosha aliinama kuichukua.

Honorata alisimama. Mchele ukamwagika kutoka magotini pake. "Subiri, mama," alimwambia mwosha. "Shadia, njoo."

"Nini?"

"Njoo hapa nje, tafadhali."

Shadia alikwenda naye mpaka nyuma ya choo, penye kamba ya nguo. Kanga za Bibi zilikuwa bado zimeanikwa.

"Sabuni hiyo msimwoshe nayo mama."

"Ina nini?"

"Si mawese."

"Ni nini sasa? Mama Recho, watu wananisubiri."

Alitafuta namna ya kulizungusha, hakuipata. "Mafuta niliyachukua kwa Alphonce. Kule nyuma ya baa."

Hakuna mtu Katubuka asiyejua Alphonce anauza nini.

Shadia hakupiga kelele. Alishika kamba ya nguo kwa mikono miwili, kamba ikashuka, kanga za mama yake zikamgusa uso. Alikaa hivyo. Sauti za wanawake zilisikika kwa mbali, na vijiko.

"Wiki mbili," alisema mwishowe. "Alikuwa anaoga nayo wiki mbili. Akitoka hapo anapanda kwenye mswala."

"Shadia..."

"Wewe ukimwona."

"Mawese yalikuwa sabini na tano. Dawa za Martini zilikuwa zinaisha. Nilifikiri kostiki..."

"Ungeniambia huna hela. Ningekosa nini? Ningekukopesha. Mama angeuza bangili." Alifuta uso kwa kanga ya mama yake. "Hukuniambia huna hela kwa sababu ulikuwa unaona aibu. Sasa aibu yako umenivisha mimi."

Lilikuwa kweli, na yeye mwenyewe hakuwa amelifikiria.

"Nenda nyumbani, Mama Recho. Nenda sasa hivi, kabla hawajaniuliza ninalia nini."

"Wanajua unalia nini. Umefiwa."

"Ndiyo. Waache wajue hilo tu."

Alirudi ndani. Honorata akiwa bado kwenye uchochoro alimsikia akimwambia mwosha, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba ile sabuni imezidi kostiki, inachuna ngozi, mtu akimbie duka la jirani alete nyingine.

Alingoja tanga liishe, kisha akaenda Ujiji dukani. Alikuwa amebakiwa na elfu tisini na sita. Nyingine zilikuwa zimekwisha kuwa vidonge na pango. Dukani kulikuwa na wateja wawili. Alisubiri waondoke. Wa pili alichagua kiberiti kana kwamba anachagua mchumba.

"Nimeleta hela," Honorata alisema. "Hazijatimia. Zilizobaki nitaleta."

"Weka hapo."

Alinyoosha mkono ampe. Shadia hakunyoosha wake. Alionyesha meza ya duka kwa kidevu. Honorata aliziweka juu ya meza, karibu na mizani. Shadia akaziacha zilale pale.

"Za dukani nimezikusanya," alisema, akitazama rafu. "Zilizouzwa nimewafuata watu majumbani, nimewarudishia hela zao. Nimesema zimeharibika, zinaunguza mikono. Za boti zimefika. Nimepiga simu, nimewaambia hivyo hivyo, wazitupe. Wengine wamesema wametupa. Wengine wamesema mbona ni nzuri." Alisogeza katoni kwenye rafu. "Za hao sijui nitamjibu nini Mungu. Labda utanisaidia kujibu."

"Kwa nini hukuwaambia ukweli?"

"Ili wakuchomee nyumba na yule mgonjwa ndani?" Kwa mara ya kwanza alimtazama usoni. "Mama alimpenda mume wako. Ni kwa ajili yake. Si kwa ajili yako."

Mteja aliingia, mama wa makamo, akaomba sabuni ya kufulia. Shadia akampa ya kiwandani, ya yule kijana.

"Si za Mama Recho hizo?" yule mama aliuliza huku akicheka. "Maana nasikia zinachuna watu kama mihogo."

Hakujua anayesemwa amesimama kando yake. Shadia alimrudishia chenji. Miaka yote ya kazi yake Honorata hakuwahi kuzidisha kostiki hata mara moja, na hilo lilikuwa jambo pekee ambalo sasa hangeweza kulitetea.

Sabuni zilirudi kesho yake kwa toroli, kwenye gunia: miche ya dukani na vipande vilivyotumika nusu, vingine bado vina alama za vidole vya watu. Mwenye toroli alishusha gunia, halafu akatoa kitu kilichofungwa kwenye gazeti.

"Na hiki amesema ni cha kwako."

Lilikuwa bakuli la bati, jeupe, lenye maua ya bluu. Limesuguliwa vizuri. Ndani halikuwa na kitu.

Honorata alichimba shimo nyuma ya banda, akazifukia zote. Kazi ilimchukua mpaka jua likawa kali. Kisha alinawa, akaenda upande wa pili wa nyumba, akamwinua Martini, akakirudisha kiti chake mlangoni, akamkalisha, akampa fimbo yake. Martini aliipokea. Aliiweka magotini, hakugonga nayo. Alikuwa anatazama njia ya kutoka nyumba ya tatu, kama alivyozoea kufanya saa hizo, na Honorata akautandika mkeka pale alipokuwa anakaa Bibi, akakaa. Alitafuta neno la kumwambia. Aliona angemwambia kuhusu dagaa, lakini hakujua dagaa wanauzwaje siku hizo.

Hesabu yake ilikuwa hii: mafuta ndoo tatu, elfu thelathini. Kostiki kilo tano, elfu ishirini. Kuni elfu sita, bajaji elfu tano. Deni kwa Shadia, elfu arobaini na nane, alilolilipa baadaye kidogo kidogo kwa kufulia watu nguo, akiziacha hela juu ya meza ya duka. Miche ishirini na kitu chini ya udongo, na mingine isiyojulikana ilipo, kusini huko. Mteja mmoja, aliyekuwa wa mwisho. Jina la kazi yake. Na bakuli la bati, ambalo mpaka leo liko juu ya kabati, kwa sababu hakuna nyumba ya kulipeleka.